Safu inayoongea na msomaji: ilivyojengwa zamani, na namna ya kuijenga leo

Swali la msomaji: "Nimepewa nafasi ya safu ya kila wiki gazetini, maneno 800, kwa Kiswahili. Napenda zile safu za zamani ambazo ukizisoma ni kama mtu amekaa karibu yako anaongea. Nikijaribu mimi, wiki moja inatoka kama taarifa ya mkutano, wiki nyingine inatoka kama porojo za kijiweni. Wale wa zamani walifanyaje? Na je, nikiwa na jambo zito la kusema, mtindo huu utalibeba?"

Ndugu yangu, hizo namna mbili za kuharibika zina chanzo kimoja: unayatafuta mazungumzo kwenye maneno. Wiki ya taarifa umevaa maneno ya ofisini, wiki ya porojo umeyavua ukavaa ya kijiweni. Mavazi yamebadilika, lakini wiki zote mbili hakuna mtu aliyekaa upande wa pili. Mazungumzo ya safu yanatokana na nafasi anayoachiwa msikilizaji. Kwenye kila aya jiulize: hapa msomaji angeguna? Angebisha? Angeuliza "ehe, kisha ikawaje"? Pakiwa na mwanya wa kufanya hivyo, hata Kiswahili sanifu kilichonyooka kitasikika kama sauti ya mtu. Pasipokuwa nao, hata ukipanga "aisee" kumi na mbili utasikika unajisemea peke yako.

Ukitaka kuliona jambo hili likijengwa tangu msingi, liangalie London mwanzoni mwa karne ya 18. Tarehe 12 Aprili 1709 mwandishi Richard Steele alianza kutoa gazeti la The Tatler, mara tatu kwa wiki. Lilipokoma Januari 1711, yeye na rafiki yake Joseph Addison wakaanzisha The Spectator tarehe 1 Machi mwaka uleule. Hili lilitoka kila siku isipokuwa Jumapili, likafikisha matoleo 555 ilipofika Desemba 1712. Toleo lilikuwa karatasi moja iliyochapwa pande mbili: makala moja ya maneno 1,000 hadi 1,500 hivi, kisha matangazo ya biashara. Kwa hiyo hawakuwa na uwanja mkubwa kuliko wako kwa kiasi cha kukukatisha tamaa.

Kilichowafundisha sauti ni mahali liliposomewa. Gazeti lilikaa juu ya meza za mikahawa, nakala moja ikipita mikono mingi. Katika toleo la 10 Addison alipiga hesabu: nakala 3,000 kwa siku, kila nakala wasomaji 20, jumla wasomaji 60,000. Iwe hesabu hiyo ilikuwa sahihi au ya kujipa moyo, inakuonyesha alivyomwona msomaji wake: mtu aliye kati ya watu, kikombe mkononi, aliye tayari kumgeukia jirani na kusema "hapo sikubaliani naye." Humo humo akaeleza nia yake: kuitoa falsafa vyumbani, maktabani na vyuoni, ikae kwenye vilabu, meza za chai na mikahawa. Mtu anayezijua baraza za Lamu au za Mji Mkongwe wa Zanzibar hahitaji kufafanuliwa zaidi. Kahawa chungu, kashata, gazeti moja, masikio saba.

Kipimo cha kwanza kinatoka hapo. Ukimaliza rasimu, msomee kwa sauti mtu mwenye shughuli nyingine mikononi: anamenya viazi, anapiga pasi. Usimwombe maoni. Weka alama pale anaposema "nini?", kwa kuwa hapo sentensi ni ndefu au imekosa mtu ndani yake. Weka alama pia pale anaponyamaza kwa muda mrefu. Halafu tafuta alipodakia neno lake katikati ya usomaji. Penye kudakiwa ndipo safu inapoanza, na mara nyingi utakuta ni aya ya tatu, mbili za kwanza ulikuwa unakohoa tu kusafisha koo. Zikate.

Tatler lilikuwa na ufundi mwingine unaostahili kuigwa. Steele aliligawa kwa mahali, na kila mahali pakabeba mada yake: mambo ya mapenzi na starehe yalitoka White's, nyumba ya kunywea chokoleti, ushairi ulitoka mkahawa wa Will's, elimu ilitoka Grecian, habari za nchi na za ng'ambo zilitoka St James's, na yasiyo na kwao yalitoka chumbani kwa mwandishi mwenyewe. Mada ikishapewa kiti na watu wanaoizungumza, toni inajipanga yenyewe. Wewe chagua mahali patatu au panne tu: kituo cha daladala, genge la mboga, saluni, foleni ya dirisha la malipo. Ila usipatumie kama pazia la nyuma. Bei ya unga ikiingia kupitia gengeni, iingie na muuzaji anayepunguza kipimo badala ya kupandisha bei, na mnunuzi aliyeligundua hilo.

Sasa sauti yenyewe. Toleo la kwanza la The Spectator linaanza kwa Addison kusema kwamba msomaji hafurahii kitabu mpaka ajue aliyekiandika ni mtu wa namna gani: mpole au mwenye hasira, mwenye ndoa au kapera. Kisha msimulizi anajieleza: mkimya mno, anayehudhuria kila mahali na kusema machache. Lakini anakataa kutaja mambo matatu, yaani jina lake, umri wake na anakoishi. Huo mpaka una akili. Msomaji anapata tabia ya kutosha kumzoea mtu, bila wasifu wa kumchosha. Kabla ya safu yako ya kwanza, andika kadi moja ya msimulizi wako: anaamka saa ngapi, anaogopa nini, anabishia nini kila mara, hajui nini kabisa. Hicho cha mwisho ndicho waandishi wengi husahau. Msimulizi anayejua kila kitu hana la kumuuliza mtu, na asiyeuliza haongei, anahubiri.

Dawa ya mahubiri waliiweka toleo la pili, la Steele: kundi la marafiki wa kubuni wanaopingana. Sir Roger de Coverley, mwenye mashamba wa kizamani. Sir Andrew Freeport, mfanyabiashara. Captain Sentry, askari. Will Honeycomb, mzee wa mitindo na wanawake. Hoja ikitajwa, msomaji anajua nani ataipinga kabla hajafungua mdomo. Nchini Kenya, Wahome Mutahi alifanya hivyo kwa familia moja katika safu yake Whispers, tangu miaka ya 1980 hadi alipofariki mwaka 2003: baba msimulizi, mkewe Thatcher, binti Pajero, mwana Whispers Junior. Ilikuwa safu ya Kiingereza iliyochanganywa na Kiswahili, Kikuyu na Sheng, na mchanganyiko huo ulisimama kwa sababu kila lugha ilikuwa na mdomo wake ndani ya nyumba ile. Hili ndilo jibu la porojo zako za kijiweni. Lugha ya mtaani mpe mhusika wa mtaani, aitumie akiwa na jambo. Msimulizi akiivaa yeye mwenyewe kuanzia sentensi ya kwanza hadi ya mwisho, inamchosha msomaji haraka, kisha inazeeka.

Wahusika wanne wanatosha kwa mwaka mzima. Kanuni yao ni moja: pingamizi lenye nguvu kuliko yote lipe kinywa cha mhusika anayependwa. Ukimpa mjinga kila pingamizi, msomaji anayelishikilia atajua umemdharau.

Tugeukie Kiswahili chenyewe, maana hapa ndipo mambo mengi yanapoharibikia, na pia ndipo tulipo matajiri.

Lugha yetu haichanganyi umoja na wingi wa nafsi ya pili. "Utakumbuka mvua ya juzi" ni mtu mmoja aliye karibu yako. "Mtakumbuka" tayari umeshika kipaza sauti. Chagua umoja, ubaki nao mpaka mwisho. Anayeruka kutoka "umeona" hadi "ndugu zangu mnaelewa" amehamisha kiti cha msomaji katikati ya maongezi. Tena huhitaji kumwita msomaji kila mara. "Msomaji wangu" mara moja katika maneno 800 inatosha, mara mbili ni mwisho. Kiambishi cha kitenzi kinafanya kazi iliyobaki: umeona, ungesema, utaniuliza. Ukizidisha unakuwa yule mtu anayekupigapiga gotini kwa kila neno.

Halafu kuna kionyeshi kinachotangulia nomino. "Foleni ile" inaonyesha foleni. "Ile foleni ya pale darajani" inamwambia msomaji kwamba mnaijua wote wawili, mmeshasimama humo. Ni silabi chache zinazojenga ujirani. Zitumie kwa kitu ambacho msomaji anakijua kweli. Ukisema "yule mzee wa duka la kona" kwa mtu ambaye hujawahi kumtajia huyo mzee, amesikia watu wawili wakiteta mbele yake.

"Basi" ni mlango wa kurudia. Wasimulizi wetu wa hadithi walilitumia kufunga jambo moja na kufungua linalofuata, na safu inalihitaji hasa unapotoka kwenye mchepuko. Likikaa mwanzo wa kila aya linageuka kwikwi. "Kumbe" ni la ugunduzi, kwa hiyo kuwe na kilichogunduliwa. Moja kwa safu inatosha. Na ukisimulia kwa -ka-, anzia kwenye -li- ("alifika jioni, akakaa, akaagiza chai"), na baada ya vitenzi vinne au vitano uvunje mnyororo kwa sentensi ya namna nyingine, la sivyo mbio hizo zitaanza kuchekesha usipokusudia.

Taarifa yako ya mkutano inaletwa zaidi na nomino zilizotengenezwa kwa vitenzi. "Utekelezaji wa zoezi la usafi ulifanyika siku ya Jumamosi": maneno tisa, na humo ndani hakuna mtu hata mmoja aliyeshika ufagio. "Jumamosi tulifagia." Pitia rasimu ukipigia mstari kila utekelezaji, ufanyikaji, suala la, zoezi la, katika kuhakikisha, imeelezwa, ilibainika. Kila ulipopiga mstari uliza: nani? Mwingize huyo mtu afanye kitenzi chake. Kazi hii ya dakika kumi inaokoa safu kuliko jambo jingine lolote ninalolijua.

Methali nayo ina hatari yake. Ukiifungua safu kwa methali umeshatoa hukumu, na penye hukumu hapana la kuzungumza. Iweke kinywani mwa mhusika, mwingine aipinge.

Sasa mchepuko, maana ndio utamu wa safu za zamani na ndio shimo lake. Katika toleo la 476, Septemba 1712, Addison alisema wazi kwamba makala zake ni za aina mbili: zilizopangwa tangu kabla ya kushika kalamu, na zile zinazotembea ovyo kwa jina la insha. Akatoa mfano wa miti. Kumsoma mwenye kipaji asiye na mpango ni kama kuwa msituni, vitu vizuri vimejaa, vimesongamana. Kusoma maandishi yenye mpango ni kama kusimama katikati ya shamba lililopandwa kwa mistari, ukaona njia zote zinakoelekea. Yeye aliupendelea mpango. Wengi wanaopenda wepesi wake hawalioni hilo: ulegevu unaousikia katika insha zake umepigiwa kamba chini.

Kwa maneno 800 ningekushauri mchepuko mmoja, usiozidi maneno 150, usioanza kabla hujafika neno la 250 hivi, msomaji awe ameshajua mnakwenda wapi. Kabla ya kuchepuka acha kitu njiani, kitu cha kushikika: kikombe, risiti, kiatu kilichokatika gidamu. Ukirudi, rudia kitu hicho. Msomaji akikiona tena anajua amefika nyumbani, huhitaji kumwambia "tukirudi kwenye mada yetu", maneno yanayokiri kwamba ulipotea.

Mazoezi yapo, na bora zaidi niliyoyakuta yalifanywa na kijana wa Boston. Benjamin Franklin anasimulia katika kitabu cha maisha yake jinsi alivyopata juzuu moja la The Spectator akalitumia kujifundisha. Alichukua makala, akaandika kidokezo kifupi kwa wazo la kila sentensi, akaiweka kando siku chache, kisha akajaribu kuiandika upya yote kwa vidokezo vile bila kuangalia. Akalinganisha na asili, akasahihisha makosa yake. Alipoona maneno yanamwishia, akageuza baadhi ya makala kuwa mashairi, kwa sababu vina na urefu wa mstari vinamlazimisha mtu kutafuta neno jingine lenye maana ileile. Akishasahau nathari ya mwanzo, akayarudisha kuwa nathari. Mara nyingine alivuruga vidokezo makusudi, akakaa wiki kadhaa, ndipo akavipanga upya, ajifunze mpangilio.

Zoezi la mashairi ni kama lilitungiwa sisi. Chukua aya moja ya mwandishi wa Kiswahili unayempenda, igeuze beti tatu za mizani 16, vina vya kati na vya mwisho, kisha irudishe kuwa nathari wiki inayofuata. Utagundua una maneno mengi kuliko ulivyodhani, na masikio yako yatakuwa yameanza kuhesabu silabi bila kuambiwa. Franklin mwenyewe, akiwa na miaka 16, mwaka 1722, alipenyeza usiku chini ya mlango wa kiwanda cha uchapaji cha kaka yake barua zilizosainiwa na mjane aitwaye Silence Dogood. Zikachapwa 14. Mvulana aliyekuwa mwanafunzi wa kazi alizungumza kama mama wa makamo na watu wakamsikiliza, kwa sababu alikuwa amejua kwanza huyo mama ni nani.

Kuhusu barua za wasomaji: The Spectator liliziomba, likazichapa, nyingine wakazitunga wenyewe. Zilizobaki bila kutumika, pamoja na za Tatler, zilitosha kujaza juzuu mbili zilizochapwa mwaka 1725. Wewe usitunge barua ukaiita ya msomaji. Mhusika wa kubuni ajulikane kuwa wa kubuni, na barua ya kweli iwe ya kweli na ruhusa iwepo. Ila zitumie, safu inayojibiwa hadharani ndiyo pekee inayothibitisha kwamba kweli kuna mtu upande wa pili.

Umeuliza kama mtindo huu unabeba uzito. Unabeba, kwa masharti. Addison alipotaka kueleza Paradise Lost, utenzi mkubwa wa mshairi John Milton, kwa watu wa mikahawani, hakuuminya kwenye toleo moja. Aliugawa Jumamosi 18 mfululizo, kuanzia Januari 1712. Na walipomuua Sir Roger katika toleo la 517, habari ililetwa kwa barua ya mtumishi wake mkuu, mtu asiyejua kupamba. Anaeleza kwamba bwana amewaachia wosia wanaume wote wa parokia koti zito kila mmoja, na wanawake kofia nyeusi ya safari. Makoti yale yanatosha.

Mfano mzito zaidi unatoka Rio de Janeiro. Kuanzia Aprili 1888 Machado de Assis, mwandishi wa Brazil, aliandika katika gazeti la Gazeta de Notícias mfululizo ambao kila safu ilianza kwa salamu "Bons dias!" (siku njema) na kumalizika "Boas noites" (usiku mwema), bila jina lake, ilijulikana ni yeye miongo mingi baada ya kifo chake cha mwaka 1908. Katika ya kwanza msimulizi anajisifu kwamba amelelewa vizuri: angeweza kuingia kofia upande na kusema apendavyo, lakini amefika mlangoni akasalimu kwanza. Ni hodi, hasa. Anasema alikuwa fundi saa, akaiacha kazi alipochoka kuona saa za dunia hazikubaliani. Utumwa ulifutwa Brazil tarehe 13 Mei 1888. Tarehe 19 Mei, kwa sauti ileile ya adabu, msimulizi anasimulia jinsi alivyomwachia huru kijana mtumwa wake Pancrácio kabla ya sheria, akaandaa karamu, akapongezwa, akampangia mshahara mdogo. Na kesho yake akampiga kwa kutosugua buti vizuri. Mwandishi hasemi kwamba uhuru ule una kasoro. Msomaji aliyekwisha kuitikia salamu ndiye anayeshtuka, akiwa ndani ya nyumba tayari.

Kuna vitu usivipe mtindo huu: kipimo cha dawa, hatua za kukata rufaa, orodha ya bei. Msomaji wa hivyo anataka kuviona haraka na kuvinakili. Na msiba wa juzi wenye wafiwa wanaotajika uache upite kwanza.

Mwisho wa safu, ondoka kama mgeni anavyoondoka barazani: jambo limekwisha, unasimama. Aya inayoanza na "kwa kumalizia" ifute, kisha soma iliyo juu yake. Mara tisa kati ya kumi huko ndiko safu ilikokuwa imeishia.

Na kabla hujampa mhariri ya kwanza, andika sita. Zitakuonyesha kama msimulizi wako ana pumzi, na mhusika gani hana kazi. Ile uliyoiandika kwanza iwe ya tatu kuchapwa. Itakuwa imejaa utambulisho, na wiki ya tatu utajua upi wa kuondoa. Mbili kati ya hizo sita zisifungwe na tarehe wala tukio lolote. Ziweke kando kwa wiki utakayougua.